Benchi la Nyuma ya Tanuri

Mshauri mwanangu, shikamoo unipe wewe, msaada nauomba mimi. Shule sikukanyaga, herufi nilijifunzia kwenye magunia ya unga, lakini hakuna aliyewahi kula mkate wangu akaenda kununua kwingine, labda aliyekufa, na nina watoto saba wanaofanana na mimi mpaka masikio, sasa huyu wa mwisho niliyemwachia tanuri ana mke mwaka wa nne huu na hakuna kitu, mama watoto ameshamwambia mkwe afungashe, mimi nikanyamaza, basi juzi mkwe akamburuta mumewe hospitali wakapimwa wote wawili, na daktari, kijana hata ndevu hana, akasema mke mzima, mbegu za mume ndiyo chache na zinalegalega, akauliza, "Kazini unakaa wapi?" mwanangu akasema kwenye benchi la fundi, lile la matofali lililoshikana na mgongo wa tanuri, kwetu hakai mwingine ila fundi mkuu, daktari akaitazama na ile jinzi iliyombana akasema ni joto hilo, hebu nisikilize, joto kazi yake kuivisha mkate, linamjulia wapi mtoto ambaye hajazaliwa, mimi nimezaa saba kwenye kiwanda hicho hicho nikikanda unga pale mlangoni penye upepo, kaka yangu marehemu ndiye aliyekuwa wa benchi, akawapa talaka wake wawili kwa ugumba wao na hakuna aliyelaumu matofali, sasa mkwe anasema, "Baba, benchi livunjwe," mama watoto anamjibu, "Kuzaa umeshindwa, kuvunja ndiyo unaweza?" nami nauliza, huyu daktari nimshitaki wapi?

Mzee wa Tanuri

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo umeipata, neno jingine tamu sina.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika. Umejijibu mwenyewe na hujajisikia. Wewe wa mlangoni penye upepo una saba. Kaka yako wa benchini hakupata hata mmoja, na wanawake wawili wakabeba mabegi wakiitwa wagumba. Nani aliwapima? Siapi kwamba ni benchi, mwanamume hukosa mtoto kwa sababu nyingi, lakini nani aliuliza? Na sasa mnamfungia begi wa tatu, tena huyu kapimwa kaonekana mzima.

Korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu mbegu zinataka ubaridi kidogo kuliko tumboni. Mwanao anazikalisha kutwa kwenye matofali ya moto, kazibana na jinzi, halafu mnadai mjukuu. Hamira ukiitia maji ya moto inakufa, hilo unalijua kuliko mimi. Za mwanao ulidhani za chuma?

Ahame benchi leo. Avae suruali pana, asikoge maji ya moto, na mbele ya tanuri wapokezane na wenzake. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo baada ya hapo arudi kwa huyo huyo asiye na ndevu apimwe tena. Zikiwa bado hafifu, itatafutwa sababu nyingine, na tiba zipo. Mama watoto mwambie wewe, kwa mdomo huo huo unaojisifia, kwamba mkwe hafungashi. Alipotukanwa ulinyamaza, usirudie.

Benchi livunje kwa mikono yako, mkwe akiona. Kisha mkate wa kwanza utakaotoka siku hiyo wapelekee wale shemeji zako wawili, kama wako hai, ukawaombe radhi. Wasipoupokea, usishangae.