Maji ya Kibuyu Kichwani mwa Katarina

Mke wangu mdogo Skolastika,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mollo ulezi tumeshavuna, na bibi yako, mke wangu mkubwa, bado ananigombeza, kwa hiyo afya anayo.

Unauliza kama mwanao, aliyebatizwa na nesi alipozidiwa, abatizwe tena na padre. Ngoja nikucheke kwanza. Haya, nimemaliza.

Enzi za Mwingereza nilikuwa na ndevu tayari, lakini sijabatizwa, maana mtihani wa katekisimu ulinishinda mara tatu. Mama akamzaa dada yangu Katarina, hapumui vizuri, na misheni ni mwendo wa siku nzima.

"Mbatize wewe," mama akasema.

"Mimi mwenyewe mpagani."

"Maji yamo kibuyuni, na mdomo unao."

Nikammiminia maji kichwani, nikasema, "Katarina, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akapona. Nikaenda misheni nikijua nafukuzwa. Padre akauliza habari ya maji, akauliza maneno, akauliza kama nilikusudia kweli.

"Nilikusudia, Padre."

"Basi huyo ni Mkristo. Nitampaka mafuta tu, simbatizi tena. Aliyebaki nje ni wewe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kwa hiyo lala usingizi, mama. Mpeleke akapakwe mafuta na kuandikwa. Huyo dada yangu, bibi yako Katarina, anakusalimu. Mpaka leo kanisani hunitangulia mlangoni, anasema ndiyo desturi yetu tangu siku ya kibuyu.

Babu yako mkorofi