Nilitoa Kitufe cha Kuagiza Viti, Simu Ikanyamaza

Mshauri mpendwa, msaada ninaoomba ni mdogo tu, nataka uandike hapa gazetini kwamba mimi ndiye mwenye haki, nikikate hicho kipande nimtumie binti yangu, maana mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu nikaona yatosha, lakini kwa kazi ya viti hakuna wa kunifundisha, na sisemi hivi kwa kujisifu, ni ukweli, ndiyo maana wananiita Fundi Magoti, kwa sababu sikati ubao kabla sijampima mtu kwa uzi kuanzia kisigino mpaka nyuma ya goti, kila mtu na kiti chake, na mwalimu mmoja mstaafu alinunua kimoja akarudi kutaka viwili, akaniambia, "Fundi, tangu nikikalie hicho kiti mgongo wangu umeacha kunisengenya."

Zamani mteja alikuja mwenyewe karakanani, anavua kiatu, napima, tunabishana bei mpaka mke wangu anatoka ndani kutuamua, sasa mke wangu ametangulia mbele ya haki mwaka wa nne huu, na soko wamelihamishia upande wa pili wa mji, watu hawapiti tena kwangu. Binti yangu yuko mji mwingine, kazi yake ni kutengenezea watu maduka ya kwenye mtandao, akaniambia, baba, kama wateja hawaji tuwafuate waliko, akanitengenezea ukurasa, yaani mtu akiona tangazo la viti vyangu kwenye simu akaligusa anaangukia hapo, anakuta picha ya kiti, maneno mawili matatu, bei, mahali pa kuandika kipimo cha goti, na kitufe kimoja kikubwa kimeandikwa Agiza.

Mwezi wa kwanza viliagizwa viti tisa, sikatai, tisa, lakini mshauri, katika hao tisa sikumwona hata mmoja, nilikuwa naletewa namba tu, goti sentimita arobaini na tatu, goti thelathini na tisa, magoti yasiyo na watu, halafu mwenye pikipiki anakuja kuchukua kiti, hata kofia havui, anafunga kamba anaondoka, salamu ameniachia mkono mmoja juu. Nikasema hii si biashara, haya ni mazishi. Na kwa kuwa binti alinionyesha pa kubonyeza nikitaka kubadili bei, niliingia mwenyewe, wiki mbili kwa kidole kimoja, nikakitoa kile kitufe pamoja na bei, nikaandika anayetaka kiti anipigie simu tuzungumze kwanza, nikaweka picha yangu, nikaeleza nilivyojifunza kazi, na nilivyompima goti marehemu mke wangu kabla hatujaposana, na nikasema wazi kwamba yule anayeuza viti vya plastiki kule sokoni ni mwizi wa migongo. Kazi nzuri kabisa, niliisoma mwenyewe mara nne.

Tangu hapo ukurasa unaonyesha wameingia watu mia sita na kumi na wawili, waliopiga simu ni wawili, mmoja alikosea namba nikaongea naye nusu saa, wa pili aliuliza bei, nikamwambia kwanza nieleze wewe ni nani, akakata. Binti yangu akanipigia kwa hasira.

"Baba, mtu ana dakika moja, wewe unampa maisha yako yote!"

"Maisha yangu yana ubaya gani?"

"Hayana kitufe!"

Nikamwambia ukurasa ni wangu, viti ni vyangu, na wewe mwenyewe ni wangu, nilikuzaa mimi, naye akasema basi baba, fanya utakavyo, ila tangazo nitalizima mwisho wa mwezi, siwezi kuwaleta watu mlangoni halafu unawafukuza. Alikuwa akinipigia kila Ijumaa kunisomea walioingia na walioagiza, sasa ni Ijumaa ya tatu hajapiga, na mimi siwezi kuanza, mzazi hamwangukii mtoto. Karakanani vimebaki viti sita, nilivikata kwa kukisia, havina wenyewe, mchana nakaa kwenye hiki, nikichoka nahamia kile, ili kila kimoja kipate mtu. Wahenga walisema chema chajiuza, sasa hawa mia sita wana macho gani? Mwambie binti yangu kwamba mimi ndiye niliye sahihi.

Wako, Fundi Magoti.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo, na pole sana kwa kufiwa. Sasa kaa kwenye kimojawapo cha hivyo viti, maana nitakayosema si matamu.

Niliufungua ukurasa wako. Nilishuka na kidole, nikashuka, nikapita utoto wako, nikapita ugomvi wako na mtu wa plastiki, nikafika kwenye posa yenu. Kiti cha kwanza nilikiona chini kabisa, kimekatwa nusu na picha yako. Chema chajiuza, ndiyo, lakini wewe umekificha nyuma ya mgongo wako! Wale mia sita waligusa tangazo la kiti. Wamekuja wanataka kiti, wewe umewasimamisha mlangoni ukawasimulia ukoo, tena hujawaambia bei. Ningekuwa mimi ningeondoka pia, na mimi ninalipwa kusoma barua ndefu.

Rudisha ukurasa wa binti yako. Juu kabisa weka picha moja: mtu amekaa kwenye kiti chako, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu. Chini yake sentensi moja, nayo umeshaiandika mwenyewe bila kujua, pale uliposema hukati ubao kabla hujapima goti. Hakuna mwingine anayeuza hivyo, na wewe umeizika chini ya matusi. Onyesha jinsi ya kupima kwa uzi, weka bei, weka kitufe kimoja, basi. Na badala ya wewe kujisifu, muombe yule mwalimu ruhusa uandike alichosema kuhusu mgongo wake. Sifa ikitoka kinywani mwa mnunuzi inauza. Ikitoka kwako inachosha. Mtu wa plastiki mfute kabisa. Hadithi yako ni nzuri, nakwambia kweli, ile ya kumpima goti mkeo nimeisoma mara mbili. Iwekee ukurasa wake wa pembeni, anayeitaka aifuate. Namba ya simu ikae chini, na saa za kupiga, na mtu akiuliza bei, mtajie bei.

Hayo ni ya viti. Ila wewe hukuniandikia kwa sababu ya viti, mzee wangu. Ulipouza tisa ulilalamika, ukauita mazishi. Hukukitoa kile kitufe kwa sababu kilishindwa kazi. Ulikitoa kwa sababu hakizungumzi. Ukautuma ukurasa ukutafutie watu wa kukaa nao, na ukurasa hauna uwezo huo hata ukiandikwa na malaika. Karakana yako ina viti sita vitupu. Kitoe kimoja kwa mwalimu, bure, mwalike aje akichukue mwenyewe, mzungumze. Vingine viweke mbele ya mlango, anayepita apumzike.

Na sasa kubwa. Umeandika kwamba unataka watu wakupigie simu. Mtu mmoja alikuwa anakupigia kila wiki, bila tangazo, naye ndiye uliyemwambia kwamba ni mali yako. Unadhani mtu anayetengeneza maduka ya mtandaoni kutwa nzima anahitaji Ijumaa kuhesabu wateja wa baba yake? Ile hesabu ilikuwa kisingizio chake cha kusikia sauti yako. Usinitume niamue kati yako na yeye. Sitaandika kwamba una haki, na kipande hiki cha gazeti usimtumie.

"Mzazi hamwangukii mtoto"? Hakuna aliyekwambia uanguke. Nakwambia upige simu tu. Piga leo, usingoje mwisho wa mwezi, usingoje Ijumaa. Usianze na tangazo wala viti. Mwambie, "Mwanangu, nyumba imekuwa kimya, na nilikosea." Maneno hayo hayazidi darasa la tatu. Kisha nyamaza, mzee wangu, na akianza kusema, hata akisema nusu saa, usimkatize.