Jina Nililoliandika Mimi

Nyumba za Reli, Makongeni,
Nairobi.
Alhamisi, 9 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Kiema,

Pokea salamu zetu huko Malindi. Kifua chako kinaendeleaje na hilo vumbi la kuchonga vinyago? Sisi hatujambo, ila mimi usingizi umenihama.

Mafuriko yamebeba nyumba ya mkeo Koki kule chini mtoni. Usishtuke, yeye na watoto wako salama. Wote wanne wanalala sakafuni mwa kanisa letu, juu ya maboksi.

Kamati ya msaada ina wanaume wanane na mimi, niliyechaguliwa kuwa mwandishi kwa sababu hati yangu inasomeka. Nilipowaambia wasichana hawana sodo, walinijibu tuanze na mambo muhimu. Nikaendelea kuandika, na hilo linanikera mpaka leo.

Sasa sikia kosa langu. Niliambiwa niandike orodha ya familia za kusaidiwa, kila moja kwa jina la mwenye nyumba. Nilipofika kwa Koki sikumwuliza hata, nikaandika Kiema Nzau, kwa vile tulivyolelewa kwamba mke huandikwa kwa mumewe. Miaka mitatu hujakanyaga hapa, Kiema!

Jumatatu magodoro na mabati yalipofika, afisa aliita jina lako. Koki akasimama.

"Kiema ni wewe? Akuje mwenyewe na kitambulisho."

"Hayuko. Hawa watoto ni mimi nawalea."

"Mama, mimi nafuata orodha."

Watu walicheka. Koki alirudi mikono mitupu, akanipita bila kunitazama. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii mdudu mwenyewe ni mimi. Niliona aibu, ndugu yangu, nikatamani ardhi inimeze.

Mzigo wa mwisho unagawanywa kesho. Leo asubuhi nimemfuata mwenyekiti, nikamwambia sishiki kalamu tena mpaka jina lako lifutwe. Amenuna, amezunguka kanisa mara mbili, lakini hati yake hata yeye haisomi. Amekubali. Nimeandika: Koki Muindi, mwenye nyumba, watoto watatu. Roho haitatulia mpaka nione godoro kichwani mwake.

Mama anakusalimu, na jirani yetu Awuor pia. Koki hakutuma salamu, nami sikumlazimisha. Mungu ailinde mikono yako na patasi.

Kurudi ni hiari yako. Ukija, nitakuandika chini ya Koki, akikubali.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata nikigomba,
Kathini