Mguu wa Mgeni wa Pili

St. Boniface, Winnipeg
2 Desemba

Mpwa wangu Solange,

Kosa wanalofanya wengi wanaopanga kuja Winnipeg wakati wa baridi ni kuanza na koti. Wanatafuta koti nene kuliko yote dukani, wanashuka nalo uwanja wa ndege wamevimba kama mito ya kulalia, na kabla hawajapiga picha ya kwanza mtoni wanaomba kurudishwa ndani kwa sababu miguu imekufa ganzi. Baridi ya huku haianzii mabegani. Inapanda kutoka kwenye barafu unayoikanyaga. Kwa hiyo safari yako tutaianzia chini, kwenye nyayo.

Lakini salamu kwanza. Hujambo, mwanangu? Huko Victoria naamini kunanyesha, maana sijawahi kusikia siku ambayo hakunyeshi. Mimi ni mzima. Goti linalalamika asubuhi, likishapata kahawa linanyamaza.

Umesema unataka siku tatu mwezi wa Februari kuutazama mji. Zinatosha. Ijumaa tutakwenda kwenye tamasha tuone sanamu za theluji, tunywe supu ya njegere na tule shira ya mti wa mepo inayomwagwa juu ya theluji mpaka iwe kama peremende. Jumamosi ni ya mtoni: njia ya kuteleza juu ya barafu itakuwa imefunguliwa, na vibanda vya kuotea joto vimepangwa kando yake. Jumapili tutautazama ukuta wa kanisa kuu uliobaki baada ya moto, na makaburi ya familia mbele yake, pamoja na ile nafasi ya mama yako iliyo wazi mpaka leo. Hilo tuliache.

Sasa buti. Mtaa wa pili kuna Bi Ernestine, anayeshona buti za ngozi zenye manyoya ndani kama walivyoshona bibi zake. Hapokei namba ya kiatu. Anataka mchoro wa mguu. Vaa soksi mbili, nyembamba ndani na ya sufu juu. Simama, usikae, kwa kuwa mguu ukibeba mwili unatanuka. Mtu mwingine akuchoree, penseli ikiwa wima. Kisha utume karatasi yenyewe kwa posta, maana picha ya simu inaufanya kila mguu uwe wa mtoto.

Barua hii ataipiga picha jirani yangu Olha na kukutumia kwa simu yake, kwa hiyo ujue kwamba ameisoma. Nilipomweleza mpango wako alicheka.

"Mwalimu, Februari?"

"Februari."

"Mtu haji Winnipeg Februari kutalii. Anakuja kuzika au kurithi."

"Anakuja kuona sanamu za theluji."

"Haya. Lala na funguo za nyumba chini ya mto."

Ni utani wa Olha. Lakini mwanangu, uliondoka hapa msichana, ukaapa mbele yangu kwamba hutaona tena theluji ila kwenye kadi ya Krismasi. Nini kimekubadilisha?

Mjomba wako,
Rosaire

Victoria
14 Desemba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini goti limetulia. Sisi hatujambo, na ndiyo, kunanyesha.

Mchoro wa mguu wangu uko njiani. Aliyenichorea alikuwa anacheka, penseli ikaruka kisiginoni. Mwambie Bi Ernestine anisamehe.

Kilichobadilika ni umri tu, Mjomba. Mtu akishafika miaka yangu anaanza kukumbuka harufu ya sufu inayokauka juu ya jiko.

Nitakuja na mwenzangu. Viatu vyake ni namba kumi na moja. Naomba Bi Ernestine afanyie kazi namba hiyo mara hii tu. Tukikubaliwa kulala kwako itakuwa vizuri kuliko hoteli. Kile chumba cha chini bado kina kitanda? Ngazi za mlangoni zina kishikio siku hizi? Na bafu? Pia, Jumamosi mchana ningependa tupite kwenye Nyumba ya Mierebi, lile jengo jipya karibu na mto. Nimesikia madirisha yake ni mazuri sana.

Nakukumbatia.
Mpwa wako,
Solange

St. Boniface
22 Desemba

Mpwa wangu,

Heri ya Krismasi mapema. Mimi ni mzima, na nalisema hilo mwanzoni kabisa ili lisiwe na shaka. Mzima wa mwili na wa kichwa.

Mguu wako umefika. Bi Ernestine ameutazama, akasema kisigino ni cha mtu mwenye haraka. Ameshaanza kukata ngozi.

Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi, na jambo moja nililowafundisha watoto ni hili: ukitaka kujua mtu anakwenda wapi, usisikilize anachosema, tazama anachouliza. Mtalii anauliza kama kuna baridi sana. Anauliza mahali pa kula. Hajapata kuzaliwa mtalii anayeuliza kama bafu lina kishikio.

Na Nyumba ya Mierebi, mwanangu, si jumba la makumbusho. Wanakaa wazee humo. Madirisha yake ni ya kawaida, nayapita kila siku nikienda kununua mkate.

Mwaka jana watoto wa mzee Kuzyk, wa nyumba ya kona, walikuja "kumtembelea kidogo". Walipima ngazi, wakasifu bustani iliyofunikwa na theluji, wakaondoka na funguo zake. Leo Kuzyk yuko nyumba ya wazee, anakula kwa kengele. Nyumba hii nilizaliwa ndani yake. Nataka nitoke nikiwa nimebebwa, na nikiwa siwezi kuona anayenibeba.

Olha amesimama hapa ananiambia nikuulize waziwazi. "Muulize huyo namba kumi na moja ni nani. Daktari au dalali?"

Basi nakuuliza. Na buti zake Bi Ernestine hazishoni kwa namba. Nitumie mguu wake.

Mjomba wako,
Rosaire

Victoria
5 Januari

Mjomba wangu,

Heri ya mwaka mpya, na afya njema.

Si daktari wala dalali. Hapendi kuchorwa mguu, ndiyo hivyo tu. Atavaa buti za dukani, tutamwongezea soksi.

Tafadhali niamini mpaka Februari. Nyumba yako siitaki, Mjomba. Nakutaka wewe ndani yake.

Solange

St. Boniface
16 Januari

Kwa Solange,

Natumaini u mzima.

Sikutaka kuhukumu bila ushahidi, kwa hiyo jana, baada ya mkate, niliingia Nyumba ya Mierebi. Pale mapokezi kulikuwa na binti mpole. Nikasema natafuta habari za wageni wa Februari, jina la Solange.

"Solange wa Victoria?" akasema, akatabasamu. "Kumbe wewe ndiye mzee wake. Mbona amesema huwezi kutembea peke yako?"

"Nimekuja kwa miguu yangu."

"Hongera, babu. Basi karibu. Chumba chako kinatazama mto. Njoo nikuonyeshe."

Nikamfuata. Usinilaumu, nilitaka kukiona. Ni chumba kizuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Dirishani mto unaonekana mpaka kwenye daraja. Mhudumu aliyekuwa anatandika kitanda alinisalimu kwa Kifaransa chetu cha hapa, akaniuliza kama napenda chai kabla ya kulala. Nikamwambia napenda chai nyumbani kwangu.

Kwa hiyo nimeelewa. Huyo namba kumi na moja ndiye atakayenishika mkono wa pili. Ungeniambia usoni, tungegombana kama watu wa familia moja, tukamaliza. Ulichagua kunifunika macho kwa sanamu za theluji.

Safari imefutwa. Buti zako ziko tayari. Olha atakutumia kwa posta. Gari nimelichomeka umeme usiku huu injini isigande, ingawa sina mahali pa kwenda, ili mtaa mzima uone kwamba mwenye nyumba yupo na akitaka kuondoka ataondoka kwa hiari yake.

Rosaire Beaudry

Victoria
24 Januari

Mjomba wangu,

Nisome mpaka mwisho, hata kama umesimama.

Mzee ni baba. Chumba ni cha baba.

Anasahau, Mjomba. Imeanza tangu mwaka juzi. Kwanza alisahau nyumba ya jirani, halafu jina la mwanangu, na sasa Kiingereza chenyewe kinamtoka. Amebaki na Kifaransa cha mtoni, kile mlichokuwa mnaongea ninyi wawili. Mimi nipo kazini mchana kutwa, na muuguzi anayekuja hapa hakijui. Juzi baba aliomba maji akaletewa blanketi. Akaomba tena, wakamletea la pili. Niliporudi nilimkuta amefunikwa mpaka shingoni, midomo imekauka, anashukuru kwa adabu. Mimi nikabaki nimesimama mlangoni na mwavuli mkononi.

Kila asubuhi anafungua pazia na kuniuliza kama mto umeganda. Nje kuna mvua na waridi la jirani. Daktari anasema anaweza kusafiri sasa, baadaye hapana. Ndiyo maana ni Februari. Nilitaka auone mto, aone na kile chumba, na nimwone akijibiwa na mtu anayemwelewa. Akikikubali, nitakuja kumhamishia humo.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Siku ya mazishi ya mama ulimwambia baba kwamba kwa kuwa amemzika dada yako kwenye matope ya ugenini, asikanyage mtaa wenu maadamu uko hai. Nilikuwepo. Niliwafunika wote wawili kwa mwavuli mmoja. Nikafikiri, nikiwakutanisha kwenye kibanda cha mtoni, kofia zimeshuka mpaka machoni, utamwona mzee anayetetemeka kabla hujasikia jina lake.

Na mguu wake sikuutuma kwa sababu ungeutambua. Mguu wa kushoto, upande wa nje unaingia ndani pale pasipo na kidole kidogo. Hata soksi mbili haziufichi. Anasema kidole hicho kiko mtoni bado, tangu siku ile mlipokuwa mnasafisha theluji mteleze, ukatumbukia ukingoni, akakuvulia soksi na buti yake kavu, yeye akarudi na yako iliyolowa, baridi ikamla kidole. Mengine yote yameondoka, hilo limebaki. Ila jina lako hana tena. Anakuita "yule kijana". Ananiuliza kama yule kijana alifika nyumbani.

Mimi simjibu, kwa sababu sijui niseme nini kwa niaba yako.

Tiketi bado ninazo, za tarehe ishirini Februari. Tutalala hoteli. Sitakuomba mlango.

Mpwa wako,
Solange

St. Boniface
1 Februari

Mpwa wangu Solange,

Hujambo, mwanangu? Na yeye hajambo?

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi. Barua hii nitaituma mwenyewe. Olha amenionyesha pa kubonyeza, nikamwomba ageuke aangalie dirishani nikiandika. "Ya kwake nimeshaisoma, Mwalimu," akasema, "sasa unanificha nini?" Lakini aligeuka. Baadaye alirudi na maandazi yake ya viazi, sahani iliyojaa mpaka ukingoni, akayatia kwenye friza. Nikamuuliza ni ya nani. "Ya dalali," akasema.

Nisikilize vizuri, maana kuna mambo ya kupanga. Kitanda cha chumba cha chini kipo. Nimetoa vitabu vilivyokuwa juu yake. Kishikio cha ngazi kimefungwa, na cha bafuni pia, na mimi mwenyewe nimevitumia, kwa hiyo usimwambie kwamba vimewekwa kwa ajili yake. Hoteli ifute. Jumamosi msimpeleke mtoni asubuhi. Upepo unatoka kaskazini na hauna pa kuzuiliwa. Mpelekeni mchana, jua likiwa limepiga ukuta wa kibanda, na aketi akiuelekezea ukuta huo mgongo. Nimekwenda kuitazama barafu. Ni nene, ya buluu, hata pale ukingoni. Jumapili, akiwa na nguvu, nitakwenda naye Nyumba ya Mierebi. Yule binti wa mapokezi atashangaa kuona wazee wawili. Namfahamu na mhudumu anayeuliza habari za chai.

Sikusema nimemsamehe. Nafasi ya dada yangu mbele ya kanisa iko wazi bado, na hilo nitamwambia shemeji yangu kwa Kifaransa, ili alielewe, naye anijibu anavyotaka. Akisahau nitamwambia tena kesho yake. Ugomvi kama wetu unataka watu wawe karibu.

Akikuuliza tena asubuhi, mwambie yule kijana alifika nyumbani, na miguu ilikuwa mikavu.

Jambo la mwisho. Buti za dukani hazitamfaa. Mguu wenye pengo unacheza ndani ya kiatu, baridi inaingia papo hapo, na yeye hatakumbuka kusema kwamba anaumia. Bi Ernestine amekubali kujaza sufu upande huo, lakini lazima aone pengo lilivyo, naye anahitaji muda wa kushona, na posta yenu ni ya polepole. Kwa hiyo leo, msimamishe baba yako juu ya karatasi, soksi mbili miguuni, umchoree mguu wa kushoto na wa kulia, na uitie posta.

Mjomba wako,
Rosaire