Kuhusu Gari la Umeme na Ng'ombe Wako

Kakese,
S.L.P. 73,
Mpanda, Rukwa.
14 Septemba, 1997

Mpendwa Baba Mdogo Manyanda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema huko Bergen, pamoja na Mama Mdogo Pudensiana, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa baridi limepata nafuu. Sisi hapa Kakese tu wazima. Baba, kaka yako, bado huamka kabla ya ng'ombe. Mama anakohoa kwa vumbi la kiangazi, ila si kikohozi cha kututia hofu. Mimi nimetimiza mwaka tangu nitunukiwe shahada kule Morogoro, na nafundisha kwa muda sekondari ya mjini huku nikisubiri ajira.

Barua yako ya Juni ilifika salama, nami niliisoma mbele ya familia nzima kama ulivyoagiza. Umenipa heshima kubwa kwa kuniomba maoni juu ya gari dogo la umeme unalokusudia kutuletea mwakani, na kama lingefaa mazingira yetu kuliko gari la petroli. Uliongeza kwamba maoni hayo utamwonesha yule profesa anayeweza kuniombea nafasi ya masomo huko. Sikuificha furaha yangu. Nilianza kuandika siku ileile, na kurasa zangu zililisifu gari hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Kurasa hizo sikuzituma, na nitakueleza kwa nini.

Niruhusu kwanza nikupe habari mbaya. Yule ng'ombe wako mweupe, wa uzao wa mahari ya Shangazi Monika, amekufa. Alianza kwa kusaga meno. Baadaye akawa anazunguka zizini na kugonga uzio, na tulipomkaribia tukagundua kwamba alikuwa amepofuka.

Jirani yetu Didace unamkumbuka, yule mkulima aliyeletwa na wazazi wake kutoka Burundi akiwa mdogo. Mwezi Julai ng'ombe wetu waliingia shambani kwake wakaharibu mihogo, na maneno yakawa makali. Kwa hiyo ng'ombe alipokufa hakuna aliyejisumbua kufikiri. Kaka Ngusa alisema ni sumu ya Didace, vijana wakaanza kutafuta fimbo, na Baba, ambaye siku zote hutaka mambo yapelekwe barazani, safari hii hakuwazuia. Nilimsihi anipe nafasi ya kumwita bwana mifugo. 

"Haya, msomi, mpasueni," akasema. "Ila mkikosa kitu tumboni, usinishike mkono."

Bwana mifugo Telesfori alimpasua mbele ya watu wote. Didace mwenyewe alikuja, akasimama kando, mikono nyuma. Tumboni tulikuta vipande vya kijivu, vizito, vyenye matundu kama kipande cha wavu. Wengine walivigeuzageuza bila kuvielewa. Mimi nilivitambua, Baba Mdogo, na nilitamani nisivitambue. Zilikuwa sahani za madini ya risasi kutoka ndani ya betri, na betri zenyewe zilikuwa zako.

Utakumbuka kwamba ulipobadilisha betri za gari lako la umeme ulitutumia nne za zamani katika kontena la rafiki yako. Zilitupatia mwanga na redio kwa muda mrefu, tukizipeleka kuchajiwa Kawajense. Zilipokufa, Ngusa alizivunja kwa nyundo kama wafanyavyo wengi hapa, akayeyusha risasi na kuisubu kuwa vizito vya nyavu kwa wavuvi wa Karema. Hakujua kwamba anakosea. Alijisifu hata, akisema risasi ya Ulaya inayeyuka kama samli. Tope na vipande vilivyobaki alivitupa kando ya zizi. Ng'ombe hupenda ladha yake, huilamba kama chumvi.

Nilipovitaja vipande hivyo, na Telesfori akaeleza jinsi risasi inavyopofusha na kuua, Ngusa aliketi chini palepale. Didace angeweza kutucheka, na asingekuwa na kosa. Aliuliza jambo moja tu.

"Na nyie mkipofuka kesho, mtamtafuta nani?"

Kesho yake Baba alimpelekea kibuyu cha asali, jambo ambalo sijawahi kumwona akimfanyia mtu waliyegombana naye. Walikaa pamoja hadi jua likawa kali. Walichozungumza hakutuambia.

Sasa nirejee kwenye swali lako. Gari la petroli sitalitetea. Moshi wake huingia vifuani mwa watu, na wataalamu wanaonya kwamba unaongeza joto la dunia. Zaidi ya hayo, petroli yetu bado hutiwa risasi, hivyo kila gari linalopita Kakese hutuachia sumu ileile iliyomuua ng'ombe wako, ila kidogo kidogo na bila mwenyewe kujulikana. Gari lako halina moshi. Huko umeme wenu unatokana na maporomoko ya maji, na uliniandikia kwamba betri ikifa muuzaji huipokea. Kwa mazingira hayo umechagua vyema, nami nakubaliana nawe kabisa.

Hapa mambo ni mengine. Umeme wa Mpanda hutoka kwenye mashine za dizeli, na dizeli hiyo huja kwa treni kutoka mbali. Gari la umeme likichajiwa hapa litakuwa limehamisha moshi tu, kutoka bomba la gari hadi bomba la mashine, na watakaouvuta ni wale wanaoishi karibu na mashine hiyo. Hilo bado ningelivumilia, kwa kuwa huenda siku moja umeme wa maji utatufikia na sisi. Linalonishinda ni betri. Gari hilo, kwa maelezo yako, hubeba kumi na mbili. Zitakapokufa zitakwenda wapi? Ngusa ameapa kwamba hatazigusa, lakini Mpanda ina akina Ngusa wengi, watu wema kabisa, na kila mmoja ana nyundo.

Kwa hiyo, ingawa najua sivyo ulivyotarajia, na huenda profesa asipendezwe na kijana anayekataa maendeleo, ushauri wangu ni kwamba usituletee gari hilo kwa sasa. Ikibidi gari lije, afadhali pikapu ya dizeli iliyo nzima, yenye betri moja tu na mafuta yasiyotiwa risasi, tuitumie kwa wagonjwa na mazao tu, tukijua kwamba moshi wake ni wetu. Baba anakubaliana nami, na ameniagiza nikuandikie maneno yake kama yalivyo: "Mwambie mdogo wangu mwanga wake tuliupenda. Ila asitutumie kitu ambacho hatujui kukizika."

Zizi tumelihamisha. Telesfori ametukataza kunywa maziwa ya ng'ombe waliobaki mpaka atakaporuhusu. Udongo wenye masalia nimeuzoa kwa koleo pamoja na vile vipande, nikavifungia kwenye pipa lililopo stoo. Risasi iliyokwisha kuwa vizito vya nyavu iko ziwani, na sitadai kwamba naweza kuirudisha. Lakini pipa lipo, na halina pa kwenda. Naomba umuulize muuzaji wa Bergen kama hupokea pia betri zilizofika Mpanda. Akikubali, nitakuandikia upya juu ya gari.

Ndama wa yule mweupe alikuwa kwa dada Nyamizi, ndiyo maana amepona. Ni jike, na ni wako. Baba amekataa tumpe jina hadi ufike mwenyewe.

Mama na Nyamizi wanakusalimu. Ngusa naye anakusalimu kwa aibu, anaomba usimkasirikie. Mfikishie Mama Mdogo heshima zangu. Mungu akulinde barabarani huko, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata pale ninapokukatalia,

Josephat