Miguu ya Mwanaidi

Kondoa, Alhamisi, baada ya magharibi

Na kaka yangu alijua. Juzi yeye mwenyewe alimbeba Mwanaidi mgongoni, jua lilipokuwa kali na miguu ya mwanangu ikakataa katikati ya njia ya kisimani.

Leo alfajiri daktari Mdachi, wa serikali ya Wajerumani, alimtembeza uani bomani. Kulikuwa na baridi, mtoto akaenda vizuri. Nikasema, "Bwana, mpime tena mchana." Akamgeukia kaka, maana kwetu mjomba ndiye msemaji wa mtoto.

"Mvivu tu," kaka akasema. "Mama yake anamdekeza."

Dawa hatukupewa.

Saa sita, tukirudi, Mwanaidi akaanguka. Kaka akainama ambebe kama kawaida.

"Hapana, mjomba," mwanangu akasema. "Mimi ni mvivu."

Akatambaa mpaka nyumbani.