Disketi za Januarius

Jumatatu, 11 Mei 1998
Juzi tulimzika Januarius. Homa ya siku tatu tu — mtu aliyekuwa akinicheka kwa kuchapa kwa vidole viwili! Leo nimekuta wameweka rimu za karatasi juu ya kiti chake. Nimezitoa. Kazi sikufanya. Nimelia chooni kama mtoto.

Jumatano, 13 Mei
Meneja Constantine kaniita. Anataka skripti zote za kompyuta ziwe za lugha ya Perl 5, Perl 4 ya zamani itoke kabisa kwenye mfumo wa kuunda. Mfumo huo ni kazi ya Januarius: unakusanya skripti na kutoa disketi za kila kituo cha kununulia pamba. Nikamwambia kompyuta ya kituo cha Sola ni kuukuu, tuliirithi ushirika ulipokufa. Haina hard diski, inaishi kwa disketi za kila msimu, na Perl 5 haiwezi kuibeba. Akasema soko huria halimsubiri mtu. Wanunuzi sasa ni wengi, kituo kisicho na disketi kitafungwa.

Sola ikifungwa, Evalina karani wa huko hana kazi. Ana watoto wanne na mume aliondoka zamani. Nimeomba niufanye mfumo ubebe matoleo yote mawili. Kanipa mpaka Ijumaa ya tarehe 29.

Jumatatu, 18 Mei
Mfumo umekubali! Vituo vyenye mashine mpya vinapewa 5, Sola inapewa 4. Imebaki programu ya Perl 4 yenyewe. Ofisini ilifutwa tulipoweka mpya, na disketi za msimu uliopita hurudishwa na kufutwa. Mwanza nimepiga simu, hawana. Nakala iko kwenye disketi za Januarius, ndani ya boksi, nyumbani kwake Somanda.

Ni mwendo wa dakika ishirini. Lakini matanga bado. Nani anaingia msibani kudai vitu vya marehemu? Nitasubiri.

Jumatatu, 25 Mei
Matanga yaliondolewa juzi. Nilipika na wenzangu, nikaona haya kuuliza hata siku ile. Leo nimemwendea Mariana, mjane wake. Vitu vimeshagawiwa. Boksi lilikwenda kwa Mayige, kaka mkubwa, Mwamanyili. Mariana hana kosa. Mimi na adabu zangu!

Alhamisi, 28 Mei
Nimetoka Mwamanyili. Nimechoka, lakini niandike.

Mayige amefanana na mdogo wake hadi masikio. Iliniuma kumtazama. Tukaamkiana Kisukuma, mwadila mayu, mwadila baba, akanipa kiti na maziwa. Nikaeleza shida. Akaingia ndani, akatoka na boksi limefungwa kwa khanga. Disketi tisa, safi, zinanukia sabuni.

Nguo na vyombo vya marehemu huoshwa kabla ya kugawiwa. Najua. Mashati ya baba yangu niliyafua mwenyewe.

"Hizi sikumwachia mtu azioshe, mayu," akasema. "Kale kakifuniko ka bati nilikasogeza, nikapitisha kitambaa chenye sabuni mpaka ndani. Nikazianika kivulini zisipauke."

Disketi ikiingia maji ndani huharibika, lakini yeye alikuwa anangoja niseme kitu. Nikasema zimetakata, baba, asante sana. Akafurahi. Akanisindikiza hadi barabarani akiwa amelibeba boksi mwenyewe, kwa mikono miwili. Nililia garini mpaka Lamadi. Hasira sina, ningemkasirikia kwa lipi? Amempenda mdogo wake kwa njia anayoijua.

Ijumaa, 29 Mei
Disketi sita hazisomeki. Nimezifuta kwa spiriti, nimezipuliza, nimeomba. Hakuna.

Ya saba — majina ya faili yametokea! Perl 4 imo. Nimeanza kunakili, ikafika katikati ikakwama. Inanguruma, inarudia palepale. Siigusi. Zimebaki mbili, naogopa kuitoa hii. Constantine kapita mlangoni mara mbili, anatazama saa.

Saa tisa na nusu. Evalina kaita kwa redio kolu kutoka Sola. Kashafagia kituo, kapaka ukuta chokaa, na wakulima wawili wamekuja kuuliza siku ya kufungua. Anataka kujua disketi yake inakuja na gari la kesho au la Jumatatu.

Nimeshindwa kusema haipo. Nimeshindwa kusema ipo. Nimemwambia, "Subiri kidogo, dada."

Anasubiri. Naandika hapa nisije nikainua macho nikakutana na Constantine. Mashine bado inanguruma. Evalina kasahau kuachia kitufe huko kwake, namsikia anamwambia mtu: "Wamesema tusubiri. Basi ipo."